Sanamu za Muda na Sauti katika Bustani za Miji: Toka Tervuren hadi Middelheim

Katika miji ya Katanga, hasa katika miaka ya sabini ya karne iliyopita, picha zilizochorwa kwa rangi juu ya kitambaa cha magunia ya unga zilitundikwa katika nyumba za wafanyakazi wa migodi na wa reli, nazo ziliitwa kwa neno moja zito: ukumbusho. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian walilichunguza neno hilo katika makala yao ya mwaka wa 1976, na kazi za Tshibumba Kanda Matulu zimelifanya lijulikane hata kwa wasomaji wasiojua Kiswahili. Ukumbusho si pambo la ukuta. Ni kitu kinachomlazimisha mtazamaji afikiri, asimulie, na abishane na mgeni aliyeketi mbele yake. Lakini picha ya aina hiyo ilikuwa na sharti moja ambalo halikusemwa: ilibaki palepale. Mwenye nyumba aliiona asubuhi na jioni, mwaka hata mwaka.

Je, kitu kilichowekwa katika bustani ya mji kwa miezi mitatu tu, kisha kikafunguliwa misumari na kupakiwa katika lori, chaweza kuwa ukumbusho? Na sauti iliyotoka katika kipaza sauti kilichofichwa mtini, ambayo haishikiki hata kwa siku moja, yakumbusha nini? Maswali haya yahusu sanaa iliyokua Ulaya na Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, yaani maonyesho ya muda ya sanamu, na baadaye ya sauti, katika bustani za umma. Kwa mtazamo wa kwanza historia hiyo iko mbali na Kongo. Ukweli ni kwamba imepita katika udongo uliohusika sana na Kongo, na pengine ilianza vibaya huko.

Vitabu vingi vya historia ya sanaa huanzia London mwaka wa 1948. Afadhali kuanzia Tervuren, karibu na Brussels, mwaka wa 1897. Katika kiangazi cha mwaka ule mfalme Leopold wa Pili aliifanya bustani ya Tervuren kuwa uwanja wa kuonyesha Dola Huru ya Kongo. Watu 267 walisafirishwa kutoka Kongo, na vijiji vya kuigiza vikajengwa kandokando ya mabwawa, ili wageni wapite wakiwatazama. Ilikuwa onyesho la muda, katika bustani, lenye umbo na sauti: nyumba, ngalawa, ngoma, nyimbo. Tofauti ni kwamba vitu vilivyowekwa kutazamwa vilikuwa watu. Saba kati yao walikufa katika msimu ule wa baridi na mvua, wakazikwa hapo. Baada ya maonyesho vijiji vilivunjwa, kama maonyesho yote yavunjwavyo, na jumba la makumbusho likarithi mahali.

Inafaa kueleza hapa, ijapokuwa si kazi ya bustani, jinsi mchongaji Freddy Tsimba wa Kinshasa alivyolijibu jambo hilo zaidi ya karne moja baadaye. Katika jumba la Tervuren upo ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliokufa Kongo kati ya 1876 na 1908. Wafu Wakongo hawamo. Tsimba hakuuvunja ukuta wala hakuongeza jiwe. Aliyaandika majina ya wale saba juu ya vioo vya madirisha yaliyouelekea, na jua likiwaka, vivuli vya majina huangukia juu ya majina ya Wabelgiji. Kazi yenyewe yaitwa Vivuli. Wingu likipita, majina hutoweka. Ni vigumu kupata mfano bora wa kitu kisichodumu kinachokumbusha kuliko jiwe.

Turudi sasa kwa wale wanaohesabiwa kuwa waanzilishi. Mnamo Mei 1948 halmashauri ya mji wa London ilifungua katika bustani ya Battersea maonyesho ya sanamu za kisasa juu ya majani. Vita vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu iliyotangulia. Sehemu kubwa ya mji ilikuwa bado magofu, na chakula kiligawanywa kwa kadi. Zaidi ya watu laki moja walikuja kabla ya msimu kwisha. Sanamu ya Henry Moore ya wanawake watatu waliosimama, wakiwa wamefunikwa mikunjo ya nguo na macho yao yakiwa juu kana kwamba wanasikiliza ndege ya adui, ilibaki hapo baadaye, na ipo hadi leo. Mwaka uliofuata, 1949, mji wa Arnhem nchini Uholanzi ukafanya vivyo hivyo katika bustani ya Sonsbeek. Arnhem ulikuwa umepigwa vibaya katika mapigano ya Septemba 1944, na wakaaji wake wote wakafukuzwa na jeshi la Wajerumani hadi ukombozi wa Aprili 1945. Ndiyo maana si sahihi kuyaona maonyesho hayo ya kwanza kuwa starehe ya matajiri. Miji iliyojeruhiwa ilitafuta mahali pasipo na kuta zilizobomoka ambapo watu wangeweza kuonana tena, na bustani ndiyo iliyokuwa mahali hapo.

Sonsbeek haikufanywa kila mwaka, na umbo lake lilibadilika mara nyingi. Mwaka wa 1971 msimamizi Wim Beeren aliyatoa maonyesho nje ya mipaka ya bustani, yakaenea nchi nzima. Ndipo Robert Smithson alipochimba duara lake na kuinua kilima chake cha mzunguko katika machimbo ya mchanga karibu na Emmen. Wengi walilalamika kwamba bustani imeachwa tupu. Lakini kisa chenye mafunzo zaidi ni cha banda. Kwa maonyesho ya mwaka wa 1955 msanifu majengo Gerrit Rietveld alijenga banda jepesi la matofali na vioo, la kuhifadhi sanamu ndogo zisizoweza kuvumilia mvua. Lilikuwa la msimu mmoja, likabomolewa. Waliolipenda hawakukubali. Mwaka wa 1965 likajengwa upya katika jumba la Kröller-Müller huko Otterlo, nalo lilipochakaa, kwa kuwa lilikuwa limebuniwa kwa ajili ya miezi michache tu, likajengwa tena kwa vifaa vipya mwaka wa 2010. Banda la Aldo van Eyck, lililojengwa Sonsbeek mwaka wa 1966 kwa kuta sita sambamba, nalo lilipata maisha ya pili hapohapo Otterlo mwaka wa 2006. Kwa hiyo neno "muda" lisichukuliwe kwa wepesi. Kitu cha muda kikipendwa na wenye mali na uwezo, hupata njia ya kudumu. Kisichopendwa nao huondoka kweli.

Huko Antwerpen, mji ambao Wakongo wengi waujua kwa jina la Kifaransa Anvers, jambo hili lilionekana waziwazi. Katika kiangazi cha mwaka wa 1950 sanamu kutoka nchi mbalimbali ziliwekwa katika bustani ya Middelheim, kusini mwa mji. Maonyesho yalipendwa mno hata meya Lode Craeybeckx akaamua kwamba bustani isirudi kuwa bustani tu, iwe jumba la makumbusho lisilo na paa. Toka 1951 hadi 1989 maonyesho makubwa ya kimataifa yalifanyika hapo mara kwa mara, na kila mara baadhi ya sanamu zilinunuliwa zikabaki. Leo bustani hiyo ina eneo la hekta thelathini hivi, na kiingilio ni bure.

Hata hivyo Middelheim ilikuwa na jirani. Mwaka wa 1920 serikali ya Ubelgiji ilianzisha Antwerpen shule ya juu ya kuwaandaa maofisa wa koloni, iliyopewa baadaye jina la Chuo Kikuu cha Kikoloni cha Ubelgiji, nayo majengo yake yalisimama kando ya bustani hiyo. Vijana waliosoma hapo walifundishwa utawala, sheria, mila na lugha za watu waliokusudiwa kutawaliwa, kisha wakapanda meli bandarini kwenda kuwa Bula Matari katika wilaya za Kongo. Chuo kilifungwa mwaka wa 1962, miaka miwili baada ya uhuru, na majengo yakaingia mikononi mwa chuo kikuu cha mji huo. Kwa muda wa miaka kumi na miwili, basi, sanamu za kisasa za Ulaya iliyojiona huru na chuo cha watawala wa koloni vilikuwa majirani wa mtaa mmoja. Wageni waliokuja kutazama shaba za Rodin na Moore hawakuambiwa neno juu ya jirani yao, na haikuonekana kuwa lazima.

Sauti iliingia katika bustani baadaye, na kwa mlango mwingine. Mwaka wa 1967 Max Neuhaus, Mmarekani aliyekuwa mpiga ngoma stadi wa muziki wa kisasa, aliweka mitambo midogo ya redio katika miti ya barabara moja huko Buffalo. Mwenye kupita na gari alisikia katika redio yake sauti zilizobadilika kulingana na mwendo wake na hali ya hewa. Muziki haukuwa tena na mwanzo wala mwisho. Uliwekwa mahali, kama jiwe, na msikilizaji ndiye aliyetembea. Kazi yake iliyo mashuhuri kuliko zote, mvumo wa kina unaotoka chini ya vyuma vya kutolea hewa vya reli ya chini ya ardhi mjini New York, ilidumu tangu 1977 hadi 1992, kisha ikarudishwa mwaka wa 2002. Haina kibao wala jina ukutani. Maelfu hupita juu yake bila kuitambua.

Kwa mwanaisimu jambo hilo si geni. Kitenzi kusikia katika Kiswahili hakikomei masikioni: mtu husikia harufu, husikia baridi, husikia njaa, husikia uchungu. Mzungumzaji wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa kwamba mwili mzima husikia. Wanadharia wa sanaa ya sauti walihitaji kurasa nyingi kueleza jambo ambalo kitenzi hiki hulibeba kila siku sokoni.

Mji wa Münster nchini Ujerumani, ambao tangu 1977 hufanya maonyesho yake ya sanamu mara moja tu katika kila miaka kumi, ndio ulioonyesha vizuri zaidi jinsi sanamu na sauti zilivyobadilishana nafasi. Mwaka ule wa kwanza Claes Oldenburg aliweka kando ya ziwa la Aasee mipira mitatu ya zege, kila mmoja ukiwa na kipenyo cha mita tatu na nusu. Wanafunzi walikasirika wakajaribu kuisukuma ziwani; mipira haikusogea, na leo watoto wa wale waliokasirika hupigia picha hapo. Miaka thelathini baadaye, 2007, kandokando ya ziwa lilelile, Susan Philipsz wa Scotland hakuleta uzito wowote. Chini ya daraja aliweka vipaza sauti pande mbili za maji, na sauti yake mwenyewe, isiyo na mafunzo ya opera, ikaimba peke yake sehemu zote mbili za wimbo wa mashua wa Offenbach. Upande mmoja uliita, upande wa pili ukajibu, na maji yakiwa katikati. Maonyesho yalipokwisha daraja likabaki daraja.

Janet Cardiff wa Kanada alikwenda njia nyingine. Alimpa mgeni kinasa sauti na vipokezi vya masikioni, akamwongoza kwa mnong'ono katika njia za bustani, kama alivyofanya katika Central Park ya New York mwaka wa 2004: pinda hapa, tazama picha hii, mtu anakuja nyuma yako. Sauti ya viatu iliyorekodiwa zamani ilichanganyika na viatu vya kweli, hata msikilizaji akageuka. Katika bustani ya Karlsaue mjini Kassel, mwaka wa 2012, yeye na George Bures Miller walificha vipaza sauti vingi kati ya miti, na watu wakaketi juu ya magogo wakasikiliza kwa dakika 28 upepo, matawi yakivunjika, ndege za vita, mizinga, kilio, kisha kwaya. Kassel ni mji ulioteketezwa kwa mabomu mwaka wa 1943. Hakuna aliyehitaji maelezo.

Msomaji wa Lubumbashi atakuwa amekwisha jiuliza swali la umeme, na ana haki. Sanaa hii ni mtoto wa mkondo usiokatika, wa mlinzi anayelipwa, wa mtu wa kubadilisha waya uliolowa. Sanamu ya shaba huvumilia kusahauliwa na bajeti. Kazi ya sauti hunyamaza siku ileile bili isipolipwa. Christo na Jeanne-Claude, waliosimamisha milango 7,503 yenye mapazia ya rangi ya zafarani katika Central Park kwa siku kumi na sita za Februari 2005, walisubiri zaidi ya robo ya karne, wakakataliwa mwaka wa 1981, na mwishowe wakajilipia wenyewe mamilioni ya dola. Umuda, kwa maneno mengine, ni ghali.

Ni katika hali hiyo ndipo ifahamike thamani ya kilichofanyika Lubumbashi tangu 2008, wakati kundi la Picha, likiongozwa na Sammy Baloji na Patrick Mudekereza pamoja na wenzao, lilipoanzisha mikutano ya sanaa ambayo baadaye ilikuwa Biennale ya Lubumbashi. Jina walilolichagua ni la Kiswahili, na halikutafsiriwa kwa ajili ya wageni. Msimamizi wa maonyesho ya mwaka wa 2019, Sandrine Colard, mwanahistoria wa sanaa mwenye asili ya Kongo na Ubelgiji, ndiye aliyeitwa baadaye Antwerpen. Hivyo njia ya jadi, inayotaka mambo yaanzie Ulaya na kufika Kongo yakiwa yamechoka, safari hii ilipitwa kwa upande wa pili.

Maonyesho yake ya Middelheim, yaliyofunguliwa mwishoni mwa Mei 2021 na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba, yaliitwa Congoville. Colard alikusudia kuwa Congoville ni mji usioandikwa katika ramani: jumla ya alama za koloni, zinazoonekana na zisizoonekana, zilizotapakaa katika miji ya Ubelgiji. Alimwazia mtembezi mweusi anayepita katika mji huo akisoma majina ya barabara, nembo za makampuni, sura za majengo. Safari hii yule jirani aliyenyamaziwa tangu 1950 ndiye aliyekuwa sababu ya maonyesho. Wasanii kumi na watano walialikwa, miongoni mwao Baloji na Jean Katambayi wa Lubumbashi, Maurice Mbikayi, kundi la KinAct la Kinshasa, na marehemu Bodys Isek Kingelez. Pamoja nao Ibrahim Mahama wa Ghana, Simone Leigh na Hank Willis Thomas wa Marekani.

Kati ya hao, KinAct wastahili neno zaidi. Tangu 2015 kundi hilo limefanya tamasha lake barabarani Kinshasa, si katika kumbi. Wasanii hujivika takataka za mji: waya, plastiki, vipande vya simu. Vazi la Eddy Ekete la makopo matupu ya vinywaji ndilo linalojulikana kuliko mengine. Akitembea, makopo hugongana, na mtaa humsikia kabla ya kumwona. Hapo swali la kama kazi ni sanamu au ni sauti halina maana tena, wala halihitaji umeme. Bila shaka vazi hilo lina undugu wa karibu zaidi na njuga za miguuni mwa mchezaji kuliko na mitambo ya Buffalo, na mhakiki anayelitaja kuwa tawi la sanaa ya Ulaya hajasikiliza vizuri. Kwa upande wake Baloji, katika kazi yake iliyooneshwa Venice mwaka wa 2015, alikuwa amechonga juu ya shaba nyekundu alama za chale za miili, akijibu kuba la kanisa moja la Liège. Madini ya Katanga yaliyokwenda kufunika paa za wengine yalirudishiwa ngozi.

Mahama naye alikuwa amekwisha fanya kazi Antwerpen mwaka wa 2018 juu ya mnara wa padri Constant De Deken katika kata ya Wilrijk, ambapo mmisionari amesimama na Mwafrika amepiga magoti. Mnara huo si wa muda. Tofauti hiyo ndiyo inayoumiza katika historia nzima. Wasanii Wakongo walipewa kiangazi kimoja. Wafalme na mapadri walipewa karne. Wako wanaosema kwamba uzuri wa kazi ya muda ni unyenyekevu wake, kwamba haikalii mahali pa umma kwa nguvu. Hoja hiyo ina ukweli, lakini husemwa kwa urahisi zaidi na yule ambaye sanamu za babu yake tayari zimesimama.

Kinshasa yenyewe ina kisa chake cha sanamu ya muda, ambacho hakikuwa sanaa. Sanamu ya Leopold wa Pili juu ya farasi, iliyoondolewa kwa amri ya Mobutu mwaka wa 1967, ilisimamishwa tena tarehe 3 Februari 2005 kwenye Boulevard du 30 Juin karibu na stesheni. Haikufika kesho yake. Iliondolewa baada ya saa chache, na miaka iliyofuata ikapewa mahali katika bustani ya mlima Ngaliema, pamoja na masanamu mengine ya wakati ule. Waliopita asubuhi waliiona, waliopita jioni hawakuiona, na mji mzima ulizungumza juu yake kuliko ulivyowahi kuzungumza ilipokuwa imesimama kwa miaka mingi.

Mwezi Juni 2020 wimbi la kupinga sanamu za wakoloni lilifika Ekeren, kaskazini mwa Antwerpen. Sanamu ya mfalme huyohuyo, iliyosimama hapo tangu 1873, ilipakwa rangi nyekundu na kuchomwa moto, na halmashauri ya mji ikaituma kreni kuing'oa. Ilihitaji kupelekwa kwa mafundi wanaojua kutunza sanamu zilizokaa nje. Ikapelekwa Middelheim. Mwaka mmoja baadaye milango ya bustani ilifunguliwa kwa Congoville.